Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: mwanga na usumaku wa fuwelenano za oksidi za metali zilizodopiwa

Ukurasa huu ni wa mwanafunzi wa kemia au fizikia aliyepewa unga wa oksidi ya zinki au ya titani na kuambiwa "utie kobalti kidogo, kisha tuone". Nimeanza na maswali ya mwanga, yale ya usumaku yakafuata, kwa sababu ndivyo ninavyoshauri sampuli yenyewe ipimwe. Mwanga hukwambia ioni ya kigeni imekaa wapi. Usipolijua hilo, namba yoyote ya usumaku utakayopata itakupoteza.

Fuwelenano iliyodopiwa ni kitu gani hasa?

Ni fuwele ndogo mno ya oksidi, kwa kawaida yenye kipenyo cha nanomita chache hadi makumi kadhaa, ambayo baadhi ya ioni zake za metali zimeondolewa na mahali pake pakashikwa na ioni za metali nyingine. Hiyo ioni ngeni ndiyo dopanti. Ukichanganya unga wa oksidi ya zinki na unga wa oksidi ya kobalti kwenye kinu, hujadopi chochote. Una unga wa aina mbili tu. Kudopi ni pale kobalti inapoketi kwenye kiti cha zinki, imezungukwa na oksijeni zilezile nne zilizokuwa zikiizunguka zinki.

Si kila ioni hukubalika. Zn²⁺ ikiwa katikati ya oksijeni nne ina nusu kipenyo cha nanomita 0.060 hivi, na Co²⁺ 0.058. Chaji ni ileile na ukubwa karibu ni uleule, kwa hiyo kobalti huingia bila taabu. Al³⁺ ni ndogo zaidi na ina chaji moja ya ziada. Ikiingia huacha elektroni moja huru, na hilo lina kisa chake hapa chini. Eu³⁺ ni kubwa, karibu nanomita 0.095, na chaji yake pia hailingani. Ukiilazimisha ndani ya oksidi ya zinki, mara nyingi husukumwa hadi usoni mwa fuwele, huku lebo kwenye chupa ikiendelea kusema "imedopiwa".

Asilimia 1 ni ioni ngapi kwenye fuwele moja?

Swali zuri, na wachache hulifanyia hesabu. Katika oksidi ya zinki, kila atomu ya zinki, pamoja na oksijeni yake, huchukua ujazo wa nanomita za ujazo 0.0238. Fuwele ya mviringo yenye kipenyo cha nanomita 4 ina ujazo wa 33.5, yaani zinki 1,400 hivi. Asilimia 1 ni dopanti 14.

Sasa punguza kipenyo hadi nanomita 2. Zinki zinabaki 176 hivi, na wastani wa dopanti ni 1.76 kwa fuwele. Hakuna fuwele yenye dopanti 1.76. Kama ioni zinaingia kwa bahati nasibu, fuwele 17 katika kila 100 hazina dopanti hata moja, na kama 10 zina nne au zaidi. Unachokiita "sampuli ya asilimia 1" ni kundi la fuwele zisizofanana, na mashine itakupa wastani wao wote. Kwa fuwele ndogo namna hii, ukisoma makala inayoeleza tabia ya "fuwele" kana kwamba zote ni moja, isome kwa tahadhari.

Kwa nini unga mweupe wa oksidi ya zinki hugeuka kijani ukitiwa kobalti?

Oksidi ya zinki ni semikondakta yenye pengo la nishati la takriban elektronivolti 3.3 hadi 3.4. Pengo ni nishati ambayo elektroni lazima ipewe ili iachane na vifungo vyake na kusafiri ndani ya fuwele. Fotoni inayoweza kulivuka pengo hilo lazima iwe na urefu wa wimbi ulio chini ya nanomita 370 hivi, yaani urujuanimno. Mwanga wote tunaouona haufyonzwi, ndiyo maana unga ni mweupe.

Kobalti huleta ngazi zake ndani ya pengo. Oksijeni nne zinazoizunguka huzigawa obitali zake tano za d (makao ya elektroni zake za nje) katika makundi mawili yenye nishati tofauti, na elektroni zikiruka ndani ya ngazi hizo hufyonza mwanga karibu na nanomita 570, 610 na 655. Hapo rangi ya chungwa na nyekundu zimeondolewa kwenye mwanga mweupe, na jicho linabaki na kijani. Jambo hili ni la zamani: mkemia wa Sweden, Sven Rinman, alieleza rangi hii ya kijani mwaka 1780, na mpaka leo inabeba jina lake.

Vilele hivyo vitatu ni ushahidi wenye thamani kubwa. Kobalti iliyozungukwa na oksijeni sita, kama ilivyo kwenye chumvi yake ndani ya maji, ni ya waridi hafifu, kwa sababu mpangilio wa oksijeni sita una kitovu cha ulinganifu na miruko ya d kwenda d hapo karibu imekatazwa. Mpangilio wa oksijeni nne hauna kitovu hicho, kwa hiyo ufyonzaji ni mkali zaidi. Ukiona vilele vitatu vikali mahali pake, kobalti yako iko kwenye nafasi ya oksijeni nne. Ukiona unga umekuwa wa kijivu au mweusi, anza kushuku kwamba oksidi ya kobalti yenyewe, Co₃O₄, imejitengeneza pembeni, na usiende kwenye mashine ya usumaku hadi ujue.

Mbona manganizi haileti rangi kali namna hiyo?

Mn²⁺ ina elektroni tano za d, kila moja kwenye obitali yake, spini zote (usumaku mdogo wa kila elektroni) zikielekea upande mmoja. Ili elektroni iruke, lazima spini yake ipinduke, na mwanga peke yake haufanyi hivyo kwa urahisi. Rangi ya manjano au kahawia unayoiona kwenye sampuli za manganizi kwa kawaida hutokana na elektroni kuhama kati ya manganizi na kiunzi cha oksidi, karibu na mpaka wa pengo. Kahawia iliyokolea ni dalili nyingine: manganizi imepanda hadi chaji ya 3 au 4.

Pengo la nishati limebadilika baada ya kudopi. Ni kazi ya dopanti?

Huenda, lakini kuna washukiwa wengine wawili wa kuwaondoa kwanza.

Wa kwanza ni ukubwa. Fuwele ya oksidi ya zinki ikishuka chini ya nanomita 6 au 7 hivi, elektroni na tundu lake (nafasi tupu inayoiacha nyuma) hubanwa na pengo hupanuka. Dopanti nyingi huchelewesha ukuaji wa fuwele wakati wa kupika. Fuwele zinatoka ndogo, pengo linapanda, na mwandishi anaandika kwamba kobalti imepanua pengo. Dawa yake ni kulinganisha na fuwele zisizodopiwa zenye ukubwa uleule, si zile zilizopikwa kwa dakika zilezile.

Wa pili ni mchoro wenyewe. Watu huchora kielelezo cha Tauc (mchoro wa kukadiria pengo kutokana na ufyonzaji), huvuta mstari kwa rula na kusoma pengo hadi tarakimu ya tatu. Kama dopanti imeongeza mkia wa ufyonzaji chini ya pengo, mstari huo utakata mhimili mahali pa chini, na "kupungua kwa pengo" kutakuwa ni kupungua kwa mstari tu. Spektra mbichi ziwekwe kwenye mchoro mmoja. Zinaeleza zaidi kuliko namba.

Kwa dopanti zinazotoa elektroni nyingi, kama alumini, kuna upanuzi wa kweli: elektroni hizo hujaza sehemu ya chini ya bendi ya upitishaji (ngazi zilizo juu ya pengo), kwa hiyo fotoni inahitaji nishati zaidi ili kupata nafasi iliyo wazi. Hii ni athari ya Burstein na Moss, inayojulikana tangu 1954.

Hizo elektroni za ziada zina faida gani nyingine?

Hapa ndipo ninapoona uwanja huu umezaa matunda ya uhakika kuliko popote. Chukua oksidi ya indi, In₂O₃, na uweke Sn⁴⁺ mahali pa baadhi ya In³⁺. Kila ioni ya bati inaweza kuachia elektroni moja, ijapokuwa nyingine hunaswa na kasoro za fuwele. Zinapofika 10²⁰ hadi 10²¹ kwa kila sentimita ya ujazo, elektroni zote ndani ya fuwelenano huanza kuyumba kwa pamoja zikipigwa na mwanga wa masafa fulani. Huo myumbo ndio plasmoni, ileile inayozipa chembe ndogo za dhahabu rangi nyekundu.

Tofauti iko kwenye idadi. Dhahabu ina elektroni huru 5.9 × 10²² kwa sentimita ya ujazo, na huwezi kuibadilisha. Masafa ya plasmoni hufuata kipeuo cha pili cha idadi ya elektroni. Kwa kuwa oksidi ina chache, plasmoni yake hushuka hadi infraredi, kwa oksidi ya indi yenye bati karibu na nanomita 1,600 hadi 2,200 kulingana na kiasi cha bati. Oksidi ya zinki yenye alumini huenda mbali zaidi ndani ya infraredi. Unaamua mahali pa kilele kwa kupima bati kwenye mizani.

Zaidi ya hapo, ukiunganisha fuwele hizo na elektrodi na kuzisukumia elektroni za ziada kwa volti chache, kilele husogea na kuongezeka nguvu papo hapo. Kioo kinaweza kupitisha mwanga unaoonekana na kuzuia joto la jua, kisha kubadilishwa kwa swichi. Mwaka 2013 kundi la Delia Milliron lilichapisha katika jarida la Nature kioo cha namna hii, fuwelenano za oksidi ya indi yenye bati zikiwa zimefumwa ndani ya oksidi ya niobi, ambacho kiliweza kudhibiti mwanga unaoonekana na joto kila kimoja kivyake.

Sampuli yangu ya europi inang'aa nyekundu. Je, europi imeingia ndani?

Mng'ao pekee hautoshi. Elektroni za 4f za europi zimefunikwa na matabaka ya nje, kwa hiyo mistari yake ya mwanga hukaa karibu palepale popote ioni ilipo: ndani ya fuwele, usoni mwake, hata ndani ya chumvi iliyobaki bila kuoshwa. Katika oksidi ya itri, ambamo Eu³⁺ huingia vizuri na ambayo imetumika miaka mingi kama chanzo cha rangi nyekundu kwenye taa za fluoresenti, mstari mkuu uko nanomita 611.

Fanya mambo mawili. Linganisha mstari wa 611 na ule wa karibu na 590. Wa 590 haujali sana umbo la jirani. Wa 611 hukua pale ambapo ioni imekaa mahali pasipo na ulinganifu. Kisha pima spektra ya uchochezi: shikilia 611 na ubadilishe mwanga unaoingia. Kama europi inapokea nishati kutoka kwenye kiunzi, utaona kilele kipana cha ufyonzaji wa oksidi yenyewe. Ukiona mistari myembamba ya europi tu, hasa ile ya 394 na 465, basi kiunzi na europi hawazungumzi.

Oksidi ya titani iliyopata rangi kwa kudopiwa hufanya kazi vizuri zaidi kama kichocheo cha mwanga?

Si lazima. Oksidi ya titani ya aina ya anatasi ina pengo la elektronivolti 3.2, hivyo hutumia urujuanimno ulio chini ya nanomita 387, ambao ni sehemu ndogo ya mwanga wa jua, karibu asilimia 5. Mwaka 2001 watafiti wa Japani walionyesha kwamba nitrojeni inayochukua nafasi ya oksijeni huifanya ifanye kazi kwenye mwanga unaoonekana, na tangu hapo kila metali imejaribiwa. Tatizo ni kwamba ngazi iliyomo ndani ya pengo, inayosaidia kufyonza mwanga, pia ni mahali pazuri pa elektroni na tundu kukutana na kumalizana kabla hazijafika usoni. Unga wa manjano unaweza kuwa mvivu kuliko mweupe.

Je, oksidi ya zinki yenye kobalti ni sumaku?

Kila Co²⁺ ina elektroni tatu zisizo na wenza, yaani spini ya 3/2, na nguvu ya sumaku ya takriban magnetoni 3.87 za Bohr (kipimo cha usumaku wa atomu) kama tutahesabu spini peke yake. Ioni zikiwa mbalimbali, kila moja hugeuka kivyake kufuata uga wa nje na kurudi ovyo uga ukiondolewa. Hiyo ni parasumaku. Hakuna kitanzi cha histeresisi (mchoro unaopita njia tofauti uga ukipanda na ukishuka), hakuna kinachobaki.

Kobalti mbili zikishiriki oksijeni moja, spini zao hupendelea kuelekeana kinyume na kufutana. Kila zinki ina majirani 12 wa metali. Kwa hiyo, kwa mpangilio wa bahati nasibu, uwezekano wa kobalti kukosa jirani wa kobalti ni asilimia 89 ukidopi kwa asilimia 1, ni 54 kwa asilimia 5, na 28 tu kwa asilimia 10. Matokeo yake huwashangaza wanaoanza: ukiongeza kobalti, usumaku kwa kila kobalti hushuka. Ukiona mchoro unaoshuka hivyo, furahi, maana sampuli yako ina tabia inayoeleweka.

Basi kwa nini makala nyingi zinadai ni ferosumaku hata kwenye halijoto ya chumba?

Mwaka 2000, Tomasz Dietl na wenzake walichapisha katika jarida la Science hesabu iliyoonyesha kwamba oksidi ya zinki yenye manganizi inaweza kuwa ferosumaku, yaani sumaku inayobaki hata uga ukiondolewa, juu ya halijoto ya chumba. Sharti moja lilisahauliwa haraka: hesabu ilihitaji matundu mengi, 3.5 × 10²⁰ kwa sentimita ya ujazo, na oksidi ya zinki ni maarufu kwa kukataa matundu na kupenda elektroni. Mwaka uliofuata ikatangazwa tabia ya ferosumaku katika utando wa oksidi ya titani yenye kobalti. Baada ya hapo mlango ukafunguka. Maabara moja iliona sumaku, nyingine kwa mapishi yaleyale haikuona kitu. Mwaka 2004 hata oksidi ya hafni, isiyo na elektroni yoyote ya d isiyo na mwenza, ikatangazwa kuwa sumaku. Mwaka 2005 kundi jingine likaonyesha kwamba kuishika sampuli kwa kibano cha chuma kunatosha kuleta ishara ya namna hiyo.

Sisemi kwamba yote ni uchafu. Kuna majaribio makini ambayo utando wa oksidi ya zinki yenye kobalti ulipata usumaku ulipopashwa ndani ya mvuke wa zinki, ukaupoteza ulipopashwa hewani, tena na tena. Hilo linaelekeza kidole kwenye elektroni za ziada na kasoro za fuwele, na nadharia kadhaa hujengwa juu yake. Lakini kasoro zinazotegemea mpishi si nyenzo ya kutengenezea kifaa, na ndiyo sababu shauku ya miaka ile imepoa.

Uchafu kiasi gani unatosha kunidanganya?

Ishara nyingi zinazoripotiwa ziko karibu na emu 10⁻⁵ (emu ni kizio cha nguvu ya sumaku). Chuma safi hutoa emu 218 kwa gramu. Gawanya: nanogramu 46 za chuma zinatosha. Hiyo ni chembe moja yenye kipenyo cha maikromita 22, nyembamba kuliko unywele, ambayo huwezi kuiona ndani ya unga. Hutoka kwenye kibano, kwenye kijiko cha chuma, kwenye kirungu cha sumaku cha kukorogea kilichochubuka, au kwenye asidi unayotumia.

Tumia vibano vya plastiki. Pima kishikilia sampuli kikiwa kitupu. Na hili hurukwa sana: pika sampuli isiyo na dopanti kwa vyombo vilevile na hatua zilezile, kisha uipime pia.

Kuna oksidi iliyodopiwa ambayo usumaku wake hauna ubishi?

Ndiyo, magnetiti, ambayo ni oksidi ya chuma, iliyotiwa zinki. Katika Fe₃O₄, Fe³⁺ iliyo kwenye nafasi ya oksijeni nne ina magnetoni 5 zinazoelekea chini, na kwenye nafasi za oksijeni sita zipo Fe³⁺ yenye 5 na Fe²⁺ yenye 4 zinazoelekea juu. Salio ni 4. Zinki haina usumaku, lakini hupenda nafasi ya oksijeni nne. Ukiiweka hapo unaondoa sehemu ya wale wanaovuta kinyume, na Fe²⁺ kadhaa hugeuka Fe³⁺ ili chaji ilingane. Ukipiga hesabu unapata 4 + 6x, x ikiwa ni idadi ya zinki kwa kila fomula. Kwa x ya 0.2 ni 5.2. Umeongeza kisichokuwa sumaku na sumaku imepata nguvu. Haiendelei hivyo daima: karibu na x ya 0.4 mpangilio huanza kuvurugika na usumaku kushuka.

Fuwele hizi zikiwa na nanomita 10 hivi hazionyeshi kitanzi kwenye halijoto ya chumba, kwa kuwa joto linatosha kuipindua fuwele nzima. Hiyo ni superparasumaku, na mwanafunzi asiichanganye na parasumaku ya ioni moja moja: superparasumaku hufikia upeo kwa uga mdogo, parasumaku huhitaji baridi kali na uga mkubwa.

Difraksheni ya eksirei haijaonyesha kitu cha ziada. Naweza kutulia?

Hapana. Vishada vya kobalti vyenye nanomita 2, kwa asilimia 1, hutoa vilele vipana na dhaifu vinavyozama kwenye kelele. Kwa manganizi, tumia resonansi ya spini ya elektroni: kiini cha manganizi hugawa ishara kuwa mistari sita, na umbali kati ya mistari ni mkubwa zaidi kwa ioni iliyo usoni kuliko iliyo ndani.

Kwa kobalti, kipimo ninachokiamini kuliko vyote huunganisha mwanga na usumaku: tofauti ya ufyonzaji wa mwanga unaozunguka kulia na unaozunguka kushoto, sampuli ikiwa ndani ya uga. Chagua urefu wa wimbi wa kobalti iliyo kwenye kiti cha zinki, karibu na 610, kisha panda na kushuka na uga. Sasa unasikiliza kobalti hiyo peke yake. Kama mchoro wake unapinda taratibu kama wa parasumaku huku mashine ya usumaku ikionyesha kitanzi kwa sampuli ileile, kitanzi hicho hakitoki kwenye kobalti hiyo.